Kilichonyonya Betri ya Gari la Mama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alifuta kioo cha mbele cha gari la mama yake kwa kitambaa chenye unyevu. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu, tena wakati wa kuita mahudhurio. Nyumbani na mtaani wote walimwita Chiriku, kwa kuwa tangu siku aliyoanza kusema hakuwahi kunyamaza. Alifuta kioo huku akiimba, akisimulia ndoto aliyoota, na kumchosha kaka yake kwa maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Kaka, aliyekuwa sekondari na aliyejiona mtu mzima kamili, alikuwa na kazi moja tu kila asubuhi: kulibeba sanduku la chuma la mama na kulisukuma ndani ya buti.

Mama yao alikuwa mkunga. Ndani ya sanduku lile mlikuwa na vifaa vyake vyote, kuanzia mizani ya kupimia watoto wachanga hadi mkasi na glavu. Alizunguka nalo kutwa, akiwapima wajawazito na kuwatazama waliojifungua, hasa wale walioishi mbali na zahanati. Baba yao alifanya kazi mbali na alirudi likizo kwa likizo, kwa hiyo gari lile dogo la kijivu lilikuwa kama mtu wa nne pale nyumbani. Likikohoa, wote walishtuka.

Siku moja lilikohoa kweli. Mama alizungusha ufunguo, gari likatoa mlio hafifu kama mtu anayegonga kucha mezani, kisha kimya. Betri ilikuwa imekufa.

Chiriku alijua kitu ambacho wenzake hawakukijua. Jana yake, siku ya mapumziko, mama alipokuwa amelala, aliingia garini na kusikiliza redio mchana ule, mpaka kipindi cha hadithi kikaisha. Alifanya hivyo kwa sababu ndani ya nyumba kaka alikuwa akisoma kwa sauti na hakutaka kelele nyingine isipokuwa yake mwenyewe. Sasa alimwona mama ameshika usukani, ameinamisha kichwa. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Lakini maneno yalikuwa yameshamjaa mdomoni, na Chiriku hakuwa mtu wa kuyaweka maneno mdomoni kwa muda mrefu.

Alisema yote. Mama alimsikiliza, akashusha pumzi, akamwambia amefanya vibaya kuingia garini bila ruhusa, lakini amefanya vizuri kusema. Tangu siku hiyo ufunguo ulihamia kwenye pochi ya mama, na Chiriku akapigwa marufuku kuketi garini peke yake.

Alikuja fundi wa umeme wa magari, mwanamume mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Cheche. Kabla hajafungua mkoba wake, kaka alishamwambia habari ya redio. Fundi akacheka, akamtazama Chiriku, akatikisa kichwa. Alisema betri yenyewe ilikuwa imechoka na redio imeimalizia, basi wanunue nyingine. Mama akanunua betri mpya, ikafungwa, gari likawaka kwa mngurumo mzuri, na mambo yakasahaulika.

Mvua zilinyesha, zikakoma, Chiriku akaendelea kufuta kioo na kuimba. Betri ile ilitakiwa kudumu miaka. Haikufika hata mwisho wa muhula.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu. Mama alikuwa amepumzika nyumbani tangu mwisho wa wiki, kwa sababu mkunga mwenzake alikuwa zamu. Alikuwa bado anakunywa chai simu ilipoita. Alisikiliza, akaweka kikombe chini kikiwa nusu, akasema, "Mlazeni ubavu wa kushoto. Nakuja sasa hivi." Kulikuwa na mama mjamzito, mwembamba na mwoga, ambaye mama yao alikuwa akimhofia tangu mwezi uliopita. Uchungu ulikuwa umemshika mapema.

Kaka akakimbiza sanduku garini. Mama akaingia, akazungusha ufunguo.

Tik, tik, tik. Kisha kimya.

Akazungusha tena. Safari hii hata ule mlio haukutoka.

Kaka aligeuza shingo taratibu akamtazama Chiriku, na mama naye akamtazama kupitia kile kioo alichotoka kukifuta.

"Mama, safari hii si mimi," Chiriku alisema.

"Na safari ile ilikuwa nani?" kaka akauliza.

Chiriku alitaka kueleza kwamba ufunguo hakuugusa, kwamba hata mlango wa gari hakuufungua, lakini mama alikuwa ameshatoka garini. Alifungua buti, akachagua vifaa alivyovihitaji zaidi, akavitia kwenye mfuko wa begani, akamtuma kaka barabarani kusimamisha pikipiki ya abiria. Alikuwa amekaza uso. Pikipiki ilipofika alipanda, akajifunga kilemba vizuri, ndipo akamgeukia binti yake.

"Yule mama yuko peke yake na dada yake asiyejua lolote," alisema. "Nikichelewa, sijui nitamkuta katika hali gani. Wewe tutazungumza nikirudi."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti, Chiriku angejua la kufanya, angelia au angebisha. Ile sauti ya chini ndiyo iliyomkata maini.

Shuleni siku hiyo hakusema kitu. Mwalimu wa hesabu alimaliza kipindi kizima bila kumwambia Chiriku anyamaze, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akaenda kumshika paji la uso kuona kama ana homa. Wakati wa mapumziko rafiki yake wa dawati moja alimbana mpaka akamsimulia. Rafiki alisikiliza huku akitafuna, kisha akatoa hukumu yake: kosa la Chiriku halikuwa redio, kosa lilikuwa kusema. Angekaa kimya mara ya kwanza, leo asingeshukiwa na mtu. Sasa kila kitu kitakachoharibika pale nyumbani, hata bomba likiziba, litakuwa lake.

Maneno yale yalimwingia Chiriku. Aliyageuzageuza wakati wote wa somo la sayansi na somo la historia. Kweli, alijiambia, nilijitia kitanzi mwenyewe. Na nyuma ya wazo hilo kulikuwa na jingine baya zaidi, la yule mama mwembamba na mwoga. Kama pikipiki ilichelewa, je? Kama mama alihitaji kitu kilichobaki kwenye sanduku? Chakula cha mchana alimpa rafiki yake.

Kengele ya kutoka ilipolia, hakufuata njia ya nyumbani. Alipiga moyo konde akaenda gereji.

Gereji ya Fundi Cheche ilikuwa uwanja wenye udongo mweusi wa oili, mabati upande mmoja na magurudumu yaliyopangwa upande mwingine. Fundi mwenyewe hakuonekana. Zilionekana soli za viatu vyake tu, zikitokeza chini ya lori.

"Shikamoo, fundi," Chiriku aliziambia soli.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Chiriku wa mkunga. Betri yetu imekufa tena."

Kicheko kikatoka chini ya lori. "Redio ina hadithi tamu kweli."

Hapo ndipo kitu kilipompasuka kifuani. Alilia, na huku akilia akasema maneno yote aliyoyabana tangu asubuhi. Alisema redio ya mara ya kwanza ilikuwa yake na hakuificha. Alisema tangu hapo ufunguo unakaa kwenye pochi ya mama na yeye hajautia mkononi. Alisema hakuna anayemsikiliza, na kuna mgonjwa huenda yuko taabuni, na wote wanafikiri ni yeye. Mwishowe akauliza swali ambalo lilimleta pale: je, betri mpya inaweza kufa yenyewe, bila mtu kuigusa?

Soli zilitulia. Kisha miguu ikatoka, na tumbo, na mwisho uso wenye doa la grisi puani. Fundi Cheche hakuwa akicheka tena. Alikaa pale chini, akajifuta mikono kwa tambara.

"Nilipokuja kwenu mara ile," aliuliza, "nilipima nini?"

Chiriku alifikiri. "Hukupima kitu. Hukufungua hata mkoba."

"Hukukosea. Niliambiwa mkosaji ameshapatikana, nikaona kazi imekwisha." Alisimama kwa kujivuta. "Betri ni kama tangi la maji, binti yangu. Likiwa tupu kila asubuhi, ama pampu haijazi, ama kuna bomba linavuja. Tangi jipya halitasaidia kitu. Tena betri ikikaushwa mara kwa mara hivyo inachakaa, hata kama ni mpya. Hebu niambie, ilikufa siku gani?"

Alimwambia ni leo asubuhi. Fundi akauliza kama gari lilitembea jana. Chiriku akasema hapana, mama alikuwa mapumzikoni, gari halikutoka. Kisha akakumbuka jambo. Hata mara ya kwanza mama alikuwa mapumzikoni. Wiki za kazi, gari likitembea kila siku, halikuwahi kusumbua.

Fundi alimtazama kwa makini, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikitafuta. Alisema basi pampu huenda ni nzima: gari likitembea betri inajazwa, likilala inanyonywa. Kuna kitu kinakunywa umeme wakati gari limezimwa. Akatoa simu akampigia mkunga, kumwomba ruhusa ya kulifungua gari lake.

Chiriku alisimama karibu, masikio wazi. Alimwona fundi akitikisa kichwa juu chini, akisema ndiyo, ndiyo, halafu akatabasamu. Alipokata simu alisema, "Amejifungua. Mtoto wa kike, mdogo lakini analia kweli kweli, na mama yake mzima. Mama yako anasema pikipiki ile iliruka kama ina mbawa. Yuko njiani kurudi."

Chiriku alikaa juu ya gurudumu lililokuwa karibu naye. Hakujua jinsi alivyokuwa amejikaza tangu asubuhi mpaka alipoanza kulegea.

Walipofika nyumbani, mama alikuwa amewasili, ameketi kibarazani na viatu mkononi, amechoka. Kaka alikuwa kando yake. Fundi alisalimia, akaeleza kwamba safari hii anataka kupima kabla ya kuzungumza. Mama akasema sawa. Kisha akamwashiria Chiriku aketi.

Fundi alianza kwa kusafisha vichwa vya betri, palipokuwa na unga mweupe kidogo. Akaliwasha gari kwa msaada wa betri yake aliyokuja nayo, akagusisha mita yake, akasoma, akaridhika. Pampu inajaza, alisema. Kisha akalizima gari, akachomoa ufunguo, akafunga milango yote na buti, akabakiza boneti tu wazi. Akafungua waya mmoja wa betri, akaiweka mita katikati ya waya na betri, ili umeme wowote unaotoka upite kwenye mita uonekane. Akawaita wote watatu waje watazame.

Gari lilikuwa limezimwa kabisa. Lakini mita ilionyesha umeme unatoka.

"Saa ile ndogo ya garini inakula kidogo sana," fundi alisema. "Hiki si kidogo. Hapa kuna kitu kimewaka."

Akawaonyesha kisanduku cha fyuzi na kuwaeleza kwamba kila fyuzi ni mlango wa umeme kwenda sehemu fulani. Ukiichomoa, umeufunga mlango. Akaanza kuzichomoa moja baada ya nyingine. Kila alipochomoa, Chiriku aliitazama mita, na mita haikubadilika. Fyuzi ya honi, hakuna. Fyuzi ya feni, hakuna. Kisha fundi akachomoa nyingine, na namba kwenye mita ikaporomoka karibu na sifuri.

Kaka aliinama akasoma maandishi yaliyokuwa kwenye kifuniko. "Redio," alisema.

Mama aliinua macho. Chiriku akaona siku yake yote inarudi pale ilipoanzia.

"Soma mstari wote," fundi alisema.

Kaka akasoma tena, polepole. Redio, taa ya ndani, taa ya buti. Mlango mmoja wa umeme, vyumba vitatu.

Fundi alirudisha fyuzi. Akachomoa waya wa nyuma ya redio, redio ikawa haina uhusiano na gari kabisa. Mita ikabaki palepale, umeme unatoka. Akatoa balbu ya taa ya ndani. Mita palepale. Ikabaki taa ya buti tu, na buti lilikuwa limefungwa. Fundi akasema lazima taa hiyo inabaki ikiwaka hata kifuniko kikiwa chini, lakini mtu wa nje hawezi kuiona.

"Tuweke simu ndani ipige video," Chiriku alisema. Ndilo neno lake la kwanza tangu wafike. "Tufunge buti, halafu tufungue tutazame."

Fundi alimtazama kaka, na kaka, ambaye kwa kawaida hakumpa mtu simu yake hata kuishika, akaitoa mfukoni. Wakaiegemeza kwenye sanduku la mama, ikiangalia juu. Wakafunga buti, wakasubiri kidogo, wakafungua. Kisha vichwa vinne vikagongana juu ya kioo kidogo cha simu.

Kifuniko kilionekana kikishuka. Mwanga wa jua ulipotea. Ndani ya buti, taa ndogo ya njano iliendelea kuwaka, ikimulika pembe ya sanduku la chuma, wala haikuzimika hata kidogo.

Sababu haikuwa mbali. Kando ya buti kulikuwa na kitufe kidogo cha plastiki ambacho kifuniko hukibonyeza kinapofungwa, na hapo ndipo taa huzimika. Kitufe kile kilikuwa kimepinda. Pembe ya sanduku la chuma ilikuwa imekigonga kila lilipoingizwa na kutolewa, mpaka kikalala upande, na kifuniko hakikukifikia tena. Taa ikawa inakesha kila usiku, na gari lisipotembea inakunywa betri mpaka tone la mwisho.

Kaka alikuwa wa kwanza kusema. "Mimi ndiye ninayesukuma sanduku," alisema, akikitazama kile kitufe. Fundi alisema hakuna aliyejua, hata yeye asingejua kwa kukisia. Akaongeza kwamba hata ile mara ya kwanza, redio ya mchana mmoja isingeiua betri nzima. Ile taa ilikuwa imeshakula karibu yote.

Mama alirudi kuketi kibarazani. Alimwita Chiriku, akamvuta mpaka akasimama mbele ya magoti yake.

"Asubuhi uliniambia si wewe," alisema. "Nilikusikia, ila sikukusikiliza. Nisamehe, mwanangu."

Chiriku alikuwa na maneno mengi ya siku hiyo, lakini lililotoka lilikuwa moja ambalo hakupanga kulisema. Alimwambia mama kwamba leo alitamani asingesema ule ukweli wa kwanza. Kama angenyamaza kuhusu redio, asingeshukiwa.

Mama alisema ni kweli, siku hiyo ukweli ulimgharimu, na haukupaswa kumgharimu. Kosa hilo lilikuwa la wakubwa. Mtoto aliyesema kweli wakati hakuna aliyemwona ndiye aliyestahili kuaminiwa kuliko wote, na yeye mama alifanya kinyume chake.

"Sikiliza na wewe," alimwambia kaka, "hili ni letu sote. Tulipopata mtu wa kumlaumu, tuliacha kutafuta. Tukanunua betri mpya, na taa ikaendelea kuwaka. Kitu kikiharibika tena hapa nyumbani, kwanza tutafute sababu. Na wewe, Chiriku, uendelee kusema kweli. Kazi ya kuisikia vizuri niachie mimi."

Kaka alinong'ona samahani, akitazama viatu vyake, kisha akaenda kutafuta kipande cha ubao ili sanduku lipate ukingo wa kuegemea, lisigonge tena upande ule. Fundi alikinyoosha kitufe taratibu, akakijaribu kwa kidole, taa ikazimika, ikawaka, ikazimika. Walipima tena: namba ilikuwa ndogo, ya ile saa tu. Betri akaondoka nayo kwenda kuichaji polepole, akisema imeumia lakini haijafa, itawafaa bado, na kesho mapema ataileta.

Mama alimpakulia Chiriku chakula, sahani imejaa. Alikula kama mtu aliyetoka safari ndefu, na kati ya tonge na tonge akaanza kuuliza maswali. Mtoto aliyezaliwa alikuwa na nywele? Alilia mara moja au alingoja? Wamempa jina gani? Mama alikuwa amechoka, macho yakijifumba yenyewe, lakini alijibu swali moja moja mpaka yote yakaisha.